Bajia zangu za njano zimetoka nyekundu na Jumamosi ni dabi, wajuzi wa jikoni njooni

#1 Mwananchi wa Buguruni

Wakuu salaam. Jumamosi hii dabi ya Kariakoo, Yanga na Simba, inaangaliwa kwangu. King'amuzi nimeshalipia, viti vya plastiki naazima kwa jirani, wageni ni jamaa wa kazini na mashemeji. Wengi ni Wananchi wenzangu, yaani Yanga, ila yapo makolo machache ya Simba ambayo siwezi kuyafukuza maana mojawapo ni mke wangu wa ndoa.

Nimepania meza nzima iwe kijani na njano. Bajia za dengu za njano, katlesi zenye kotmiri ya kutosha, na maandazi madogo ya kijani ya mchicha. Vitu vya kawaida tu, rangi ndiyo iongee.

Jana nikafanya jaribio. Unga wa dengu, chumvi, kitunguu, pilipili, manjano nikatia mengi ili rangi ikolee, na magadi ya unga (yale meupe ya pakiti) ili zivimbe. Nikaliacha rojo litulie huku nahangaika na jiko. Kurudi nakuta rojo lina mabaka mekundu. Nikakaanga hivyohivyo, zikatoka rangi ya tofali. NYEKUNDU, wakuu. Na yale maandazi ya mchicha yakatoka kahawia kama maandazi ya mtu yeyote, mpaka uyapasue ndipo ukijani unauona ndani.

Kolo wa humu ndani anacheka tangu jana. Nini kimetokea, na nifanyeje kabla ya Jumamosi? Na mtu asiniambie ninunue kaukau.

#2 Mnyama Mpole

Hakuna kilichotokea mkuu. Dengu zimejua ukweli. Karibu Msimbazi kwa Wekundu wa Simba.

#3 Mama Ntilie Mstaafu

Mwanangu, mafuta yako yalikuwa ya moto mno. Vijana mnawasha gesi mpaka mwisho kwa sababu mnataka kurudi kwenye simu. Chovya mpini wa mwiko wa mti kwenye mafuta. Ukizungukwa na vipovu vidogovidogo vinavyopanda taratibu, tia bajia. Vikiruka na kupiga kelele, punguza moto usubiri. Bajia ya mafuta makali inababuka nje na ndani mbichi, lazima iwe nyekundu.

Na maandazi yako bila shaka ulitia sukari nyingi. Sukari ndiyo inayaunguza.

#4 Mwananchi wa Buguruni

Shikamoo mama. Kwenye maandazi nakubali, sukari ilikuwepo na tui la nazi pia. Ila kwenye bajia mabaka niliyaona rojo likiwa bado kwenye bakuli, mafuta hayajapata moto hata kidogo.

#5 Mchambuzi Huru

Umeuziwa manjano feki. Hii biashara ya viungo vya kusaga imejaa uchakachuaji, unga unaongezwa na rangi inatiwa ili ipendeze machoni. Manjano ya kweli hayabadiliki rangi. Nunua mzizi mzima, ukaushe, usage mwenyewe. Uzi umeisha.

#6 Ticha wa Maabara

Uzi haujaisha. #5 umekosea, manjano halisi kabisa ndiyo yanayobadilika. Rangi yake ikikutana na kitu chenye tabia ya magadi inakwenda wekundu, ikikutana na kitu kichachu inabaki njano au inarudi njano. Shuleni tukikosa karatasi za kupimia asidi na besi huwa tunachovya karatasi nyeupe kwenye maji ya manjano, tunaianika, na wanafunzi wanapimia maji ya sabuni na ya ndimu. Inafanya kazi vizuri tu.

Kilichomtokea mleta uzi ni manjano mengi, magadi mengi na rojo kukaa muda mrefu. Mabaka yalikuwa pale ambapo magadi hayakuchanganyika vizuri. Dawa: punguza magadi, au kamulia ndimu kidogo kwenye rojo. Utaona linatoa mapovu na rangi inarudi mbele ya macho yako.

#7 Mnyama Mpole

Kwa hiyo Yanga ukiipaka sabuni inakuwa Simba. Nimeelimika leo.

#8 Binti Pangani

Ticha yuko sahihi kwenye hilo la sabuni. Kanzu nyeupe ya mume wangu ilimwagikiwa mchuzi wa samaki wa manjano siku ya Idi. Nikalipaka doa sabuni ya mche, doa likawa jekundu kama damu, nikadhani nimeharibu kabisa. Nilipolisuuza likarudi njano yake. (Kutoka lilitoka kwa jua, anika doa la manjano juani siku mbili tatu, jua linalila.)

Lakini nina swali kwa Ticha. Mimi bajia za dengu natia magadi miaka yote na hazijawahi kuwa nyekundu. Na manjano natia. Sasa?

#9 Ticha wa Maabara

Unatia kiasi gani?

#10 Binti Pangani

Ncha ya kijiko kwa bakuli zima. Na nakaanga papo hapo.

#11 Ticha wa Maabara

Umejijibu dada.

#12 Binti Pangani

Sijajijibu, maana shangazi yangu anatia kijiko kizima na zake pia ni njano. Labda kwa sababu anatia na ukwaju, labda maji ya kwao kisimani ni tofauti. Kwetu maji ya kisima ya chumvichumvi hata chai inatoka na rangi ya ajabu.

Ila mkuu #1, mbona unahangaika na magadi? Pika bajia za kunde. Loweka kunde usiku, zifikiche maganda yaelee uyamwage, saga bila kuzidisha maji, halafu upige rojo kwa mkono kuelekea upande mmoja mpaka mkono uume. Chukua tone ulidondoshe kwenye kikombe cha maji. Likizama endelea kupiga, likielea washa jiko. Hewa ndiyo inavimbisha, magadi hayahitajiki hata chembe. Na kwa kuwa kunde ni nyeupe, manjano kidogo tu yanaonekana.

#13 Mke wa Mwananchi

Habari zenu. Mimi ndiye kolo anayetajwa. Naomba nitoe ushahidi: kijiko alichotilia magadi hakikuwa cha chai, kilikuwa kile cha kupakulia wali. Nilimwona kwa macho yangu na sikusema kitu.

#14 Mwananchi wa Buguruni

Kwa hiyo ulikaa kimya makusudi???

Na si kweli wakuu, kijiko kilikuwa cha kawaida. Huyu ana maslahi.

#15 kibanda_umiza

Hahaha, hapo uchunguzi uanzie ndani ya nyumba.

Mimi nina banda la kuonyesha mpira, nawaambia kwa uzoefu: Jumamosi rangi hakuna atakayeiangalia. Ukipiga filimbi ya kwanza, mtu anapeleka mkono sahanini huku macho yako kwenye skrini. Hajui kama ameshika bajia au soksi. Watu wanakumbuka vitu viwili, kama chakula kilikuwa cha moto na kama kilikuwepo cha kutosha.

Na kingine, usipike kabla hujathibitisha mechi ipo. Machi 8, 2025 mnakumbuka? Ilikuwa Ramadhani, dabi imepangwa usiku watu wakishafuturu. Dada yangu amekunja sambusa tangu asubuhi, za nyama amezichoma vijiti vya meno vyenye vibendera vyekundu, za dengu vibendera vya kijani, kakata mwenyewe kwa mkasi kutoka kwenye madaftari ya watoto. Mchana inatoka taarifa mechi imeahirishwa. Sambusa zikawa futari ya mtaa mzima, na vibendera watu wakavitema. Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga akashinda 2-0, na siku hiyo dada hakukunja hata moja.

#16 Mchambuzi Huru

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza dabi kuota mbawa siku ileile ya mechi. Aibu kwa soka letu.

#17 Mzee wa Jangwani

Si ya kwanza. Mei 8, 2021, muda ulisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, Yanga wakagoma kufuata muda mpya, mechi haikuchezwa. Na yenyewe ilikuwa Ramadhani. Mchambuzi, leo ni la pili hilo.

#18 Mchambuzi Huru

Nimeona mzee. Ila kwenye manjano sirudi nyuma.

#19 Mbeba Boksi

Salaam kutoka Minnesota. Huku mechi ya saa 11 jioni ya Dar inaanza saa 2 asubuhi wakati wa baridi, saa 3 wakati wa kiangazi. Kwa hiyo dabi kwetu ni kifungua kinywa, na bajia asubuhi haziendi. Nimetafuta kitu cha kuendana na chai na nimekipata, nawapa bure.

Ninayeishi naye ni Mganda, alinifundisha rolex, ile chapati inayoviringishiwa mayai. Mimi nikaigeuza ya Kiyanga. Mchicha unauchovya kwenye maji yanayochemka kama dakika moja, unautumbukiza kwenye maji ya baridi, unaukamua mpaka ukauke, unausaga laini. Ukandie unga wa chapati kwa hiyo rojo badala ya maji. Pika chapati kwa moto mdogo na mafuta machache, zisipate madoa ya kuungua. Mayai yapige na manjano punje tu, yakaange membamba, yalaze juu ya chapati, viringisha ukaze, kata vipande vya upana wa vidole viwili, simamisha sahanini. Unapata duara la kijani nje na njano ndani. Hakuna anayeuliza wewe ni timu gani.

#20 Mwananchi wa Buguruni

Mbeba Boksi kula tano! Hii ndiyo niliyokuwa natafuta. Kwa nini chapati inabaki kijani na andazi halibaki?

#21 Mama Ntilie Mstaafu

Si nimesema? Moto. Chapati moto mdogo, andazi linazama kwenye mafuta ya moto.

#22 Ticha wa Maabara

Mama ana hoja. Ngozi ya nje ya andazi inapata moto mkali kuliko ndani, na sukari inaigeuza kahawia. Kijani chenyewe pia kinachoka kikipikwa sana. Lakini kuna jambo jingine: rangi ya majani ya kijani inachukia uchachu. Wanaopika mlenda wanajua, ukitia magadi unabaki kijani kibichi, ukitia ndimu ungali jikoni unakuwa kijani cha jeshi. Kwa hiyo kama katlesi zako zina kotmiri, ndimu ikamuliwe mezani, si kwenye mchanganyiko.

#23 Mnyama Mpole

Ngoja nielewe. Njano yenu inataka ndimu na haitaki magadi. Kijani chenu kinataka magadi na hakitaki ndimu. Yaani hata rangi za jezi hazielewani? Ndiyo maana viongozi wenu...

#24 Mzee wa Jangwani

Malizia sentensi tukukumbushe Novemba 5, 2023. Tano kwa moja.

#25 Mnyama Mpole

Na sisi tukukumbushe tano bila ya 2011, bao la mwisho na watu wenu walishaanza kuondoka uwanjani.

#26 Mzee wa Jangwani

2012. Mei 6, 2012. Kama unatutukana basi tutukane kwa tarehe sahihi.

#27 Mnyama Mpole

Ahsante mzee kwa kututunzia kumbukumbu. Na ile sita bila ya 1977 unayo?

#28 Mzee wa Jangwani

Ninayo, na ninayo ya 1968 mlipofungwa tano bila mkiitwa bado Sunderland. Tuendelee na bajia.

#29 Binti Pangani

Hiyo 5-1 mnayoitaja ina somo la jikoni. Kipindi cha kwanza kiliisha moja moja, mabao manne yote ya mwisho yakaja kipindi cha pili. Mimi nilikuwa nimepanga kukaanga raundi ya pili ya bajia baada ya mapumziko. Nasikia kelele sebuleni, nikitoka na mwiko mkononi wananirudishia marudio. Nikirudi jikoni, kelele tena. Nimeiona mechi yote kesho yake kwenye simu. Tangu hapo kwangu jiko linazimwa dakika 15 za mapumziko zikiisha, anayetaka cha moto baada ya hapo aje akaange mwenyewe.

#30 kibanda_umiza

Sasa weka na lile la wanaume. Kwa nini ukaange wewe peke yako?

#31 Binti Pangani

Swali hilo muulize niliyemfulia kanzu.

#32 Simba Jike

Jamani na sisi Wekundu tusaidiwe. Nyekundu na nyeupe tunapikaje? Nilijaribu maandazi ya bitiruti. Donge lilikuwa zuri, waridi iliyokolea, watoto wanalishangilia. Kwenye mafuta likageuka rangi ya udongo, na ndani likawa na unjanounjano. UNJANO. Nilitia bekingi pauda ya kawaida tu na vipimo vilikuwa sawa.

#33 Mwananchi wa Buguruni

Hahahahaaa! Dengu zimejua ukweli, eh #2?

#34 Ticha wa Maabara

Bitiruti haivumilii moto wa kukaanga, rangi yake inavunjika. Na inapenda uchachu, ikipata magadi ya kutosha inaelekea njano. Kwa hiyo hapo ni moto au ni bekingi pauda au vyote viwili, bila kuuona unga siwezi kusema. Rosela nayo usiitie kwenye kitu chenye magadi, wekundu wake unakwenda zambarau kisha kijani kichafu. Kwenye juisi ndiyo mahali pake, na ukikamulia ndimu inang'aa zaidi.

#35 Mama Ntilie Mstaafu

Mimi nasema bitiruti ilikuwa na maji mengi. Donge likiwa la majimaji linakaa kwenye mafuta muda mrefu, linaungua. Wala si mambo ya kemia.

Halafu wanangu mnajipa kazi isiyo na sababu. Kitu cha kukaanga kiacheni na rangi yake ya kukaanga, rangi wekeni kwenye chatne. Nazi mbichi ikune, saga na pilipili mbuzi, chumvi, na ndimu, hiyo nyeupe. Nusu yake saga na pilipili nyekundu zilizokaushwa, hiyo nyekundu. Simba mmeshamaliza. Yanga, saga nazi na kotmiri na pilipili za kijani, halafu chatne ya embe iwe njano. Bajia ni zilezile, kachori ni zilezile, muhogo ni uleule. Mtu anachovya timu yake. Na haihitaji jiko mbili wala ugomvi wa mke na mume.

#36 Mke wa Mwananchi

Mama umemaliza. Ila huyu mume wangu anataka hata chatne nyekundu isiwekwe mezani. Ndani ya nyumba ninayolipa nusu ya kodi.

#37 Mnyama Mpole

Dada simamia haki yako. Nakuja Jumamosi na tikiti maji la kilo nane, ukikata nyekundu ukipanga na vipande vya nazi nyeupe meza imekwisha. Hakuna jiko, hakuna magadi, na ubuyu wa Zanzibar pembeni. Sisi tumebarikiwa, vyakula vyetu vinakuja na jezi.

#38 Mwananchi wa Buguruni

Hujaalikwa. Na tikiti lina ganda la kijani.

#39 Mnyama Mpole

Ndiyo maana ganda tunalitupa.

#40 Shemeji wa Kisumu

Hamjambo majirani. Nimecheka mpaka chai imepoa. Nyinyi mna bahati kweli. Huku kwetu Mashemeji Derby, mimi ni Gor Mahia, kijani na nyeupe, nina sukuma, nina dania, sina shida. Shida ni bibi yangu, yeye ni Ingwe damu. Ingwe, yaani AFC Leopards, ni buluu na nyeupe. Nambieni chakula gani ni buluu? Mwaka uliopita alifunga utepe wa buluu kwenye kila smokie, zile soseji, akasema imetosha.

#41 kibanda_umiza

Mkuu nunua rangi ya unga tu, zimejaa madukani kila aina.

#42 Simba Jike

Angalieni rangi za unga jamani. Kuna zinazouzwa kwenye vifuko vya plastiki havina jina wala lebo, muuzaji mwenyewe hajui kama ni ya ubuyu au ya mikeka. Nunua iliyoandikwa ni ya chakula na ina alama ya TBS, shirika la viwango, huko Kenya mna KEBS. Watoto ndio wanaokula vitu vya rangi kuliko wote.

#43 Ticha wa Maabara

Shemeji, kabichi ya zambarau. Ikate, ichemshe, chuja maji yake yale ya zambarau. Tia magadi ya unga chembe kidogo kidogo huku unakoroga, itapita kwenye buluu. Ukizidisha inakwenda kijani, kwa hiyo simama mapema. Loweka mayai yaliyochemshwa na kumenywa, yaache kwenye friji usiku. Nje buluu, ukipasua ni nyeupe. Magadi yasizidi maana ladha yake inakuwa ya sabuni.

#44 Shemeji wa Kisumu

Ukizidisha inakuwa kijani? Basi nitamzidishia nikiwa natazama pembeni. Ahsante mwalimu, umeokoa timu isiyofaa.

Tangu Madagascar watutoe kwa penalti kwenye mashindano ya CHAN Agosti 2025 viazi karai havijawahi kulika kwangu siku ya mpira. Vilibaki sufuria nzima, hakuna aliyekuwa na koo la kumeza. Nafikiria nirudi navyo.

#45 Mbeba Boksi

Pole shemeji, sisi siku hiyohiyo Morocco alitufunga bao moja. Tulilia pamoja.

Nirudi kwa #35. Chatne ni wazo zuri lakini kwa joto la Dar nazi ibichi inachacha. Ukisaga saa 6 mchana, saa 11 imeshaanza kunuka. Igandishe kwanza au isage dakika za mwisho.

#46 Mama Ntilie Mstaafu

Mwanangu wa Minnesota, nimeuza chatne miaka mingi bila friji. Chemsha maji, yapoe, usagie hayo. Usisagie maji ya bomba. Na kijiko kisirudi kwenye bakuli kikiwa na mate ya mtu.

#47 Mbeba Boksi

Sawa mama, lakini wewe wateja walikuwa wanaimaliza kwa saa moja. Hawa wanaangalia mpira, bakuli litakaa mezani mpaka usiku.

#48 Binti Pangani

Mnaonaje ukwaju badala ya nazi? Hauchachi maana umeshachacha.

#49 Simba Jike

Ukwaju ni kahawia. Kahawia ni timu ya nani?

#50 Mwananchi wa Buguruni

Mrejesho kidogo. Jana usiku nimepiga rojo jipya. Bakuli A: manjano bila magadi. Bakuli B: manjano na magadi kidogo na ndimu. Bakuli C: manjano aliyosaga mama mkwe kutoka shambani kwake Muheza, mzizi halisi, na magadi.

A imetoka njano safi lakini bajia ni ngumu, unaweza kumrushia refa. B imetoka njano na laini, ila ina uchachu kidogo na mabaka mawili matatu bado yapo. C imekuwa nyekundu vilevile. Kwa hiyo #5 manjano yangu si feki.

#51 Mchambuzi Huru

Au ya mama mkwe nayo yamechanganywa. Umemwona akisaga?

#52 Mke wa Mwananchi

Mchambuzi mama yangu muache.

#53 Ticha wa Maabara

Jaribio zuri, ila mabaka ya B yanaonyesha bado hujachanganya vizuri. Magadi yachanganye na unga mkavu na uchekeche kabla ya maji.

#54 Mama Ntilie Mstaafu

Na A ni ngumu kwa sababu hukupiga rojo. Binti Pangani alishasema. Hapo huhitaji magadi, unahitaji mkono.

#55 kibanda_umiza

Mimi bado nasema kijiko cha wali.

#56 Mzee wa Jangwani

Kuna jambo hamjaligusa. Wageni ni mchanganyiko. Kijana usiweke meza ya rangi moja, utani una mpaka wake, na mtani ukimnyima chakula umevunja utani. Zamani siku ya dabi, sisi wa Jangwani tulikuwa tunakwenda kula kwa watani, na aliyefungwa ndiye ananunua kahawa na kashata kesho yake. Kashata zenyewe zilikuwa nyeupe na za waridi, hakuna aliyeuliza.

Kashata hizo zinashika rangi vizuri kuliko bajia, maana hakuna mafuta wala magadi. Sukari ichemke mpaka ivute uzi, nazi iingie, rangi tone moja, mwaga kwenye sinia uliyopaka mafuta, kata ikiwa ya vuguvugu. Ikipoa kabisa itakuvunjikia.

#57 Simba Jike

Mzee hapo nakubaliana. Nyekundu na nyeupe kwa tabaka mbili, nyeupe chini. Napika Ijumaa.

#58 Mwananchi wa Buguruni

Basi nimeshaamua: rolex za Mbeba Boksi, bajia za kunde, kashata za mzee rangi zote nne ili amani iwepo. Chatne nyekundu iwekwe, lakini upande wa karibu na mlango.

Sasa swali, kunde kavu zikilowekwa usiku mmoja zinatosha au mbili? Na mashine ya kusagia karanga inafaa?

#59 Binti Pangani

Usiku mmoja unatosha, mbili zitaota. Mashine ya karanga usithubutu, itakupa mafuta ya karanga ndani. Tumia blenda kidogo kidogo, au kinu kama una wapwa wenye nguvu.

#60 Mnyama Mpole

Wapwa wapo, ni Simba wote. Naulizia tu, tikiti nilete saa ngapi?

#61 Mke wa Mwananchi

Saa 9. Pitia mlango wa nyuma.